Daktari Aliyetutuma Voi

Watoto wa shule yetu walimwita Pelekavoi, wakilitamka kama neno moja, na kwa muda mrefu nilidhani hajui. Siku moja tulikuwa tumesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kitoto cha darasa la pili kikapita mbio kikipiga kelele, "Pelekavoi amekuja na sindano!" Nikaona aibu, nikakiita kile kitoto nikikemee. Yeye akanizuia.

"Mwache, mwalimu. Si uongo."

Alikuwa dresa wa dispensari ndogo kule juu Sagalla. Serikali ilimwajiri kusafisha vidonda, kugawa vidonge na kudunga sindano, lakini kwetu mlimani kila aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari, kwa hiyo nasi tukamwita daktari. Mimi nilifundisha shule iliyopakana na dispensari hiyo. Kati yetu kulikuwa na ua wa minyaa tu, na tangu mwishoni mwa miaka ya sitini mpaka alipostaafu nilimwona karibu kila siku ya kazi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega ameyakunja kama mtu anayepita mlango mfupi. Kabla ya kutoa dawa aliisoma chupa kwa sauti, akaiweka mezani, akaichukua tena na kuisoma upya. Kipimajoto alikitazama dirishani, kisha akatoka nje akakitazama juani. Akishamaliza kumpima mgonjwa alimwuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Mzee mmoja aliyekuwa na homa alimjibu kwa hasira, "Ningekuwa naona, ningekuja kwako?"

Halafu ndipo lilipotoka neno lake: "Mpelekeni Voi," yaani hospitali kubwa ya mjini. Jipu, Voi. Mtoto aliyeingiza punje ya mahindi puani, Voi. Kidole kilichoteguka, Voi. Na siku zile kwenda Voi ilikuwa ni kuteremka mlima kwa miguu, njia ya mawe matupu, mpaka barabarani, na huko chini kuketi kungoja lori lenye dereva mwenye huruma. Asiyeweza kutembea alilazwa kwenye machela ya magunia yaliyoshonewa miti miwili, wanaume wakamteremsha kwa zamu. Wengi walifika. Wengine walirudishwa wakiwa wamefunikwa nyuso.

Mtu angeweza kusema alikuwa mwoga, na wengi walisema. Lakini mimi nilimwona siku swila alipoingia chini ya kabati la dawa. Wagonjwa walitoka mbio, mwenye mguu mbovu akiwa mbele. Yeye aliingia na fyekeo peke yake, akatoka amemshika nyoka kwa mkia, akaniuliza kupitia uani kama darasa la saba wangependa kumtazama kabla hajamfukia. Na kwenye baraza, chifu aliposimama kujisifu kuhusu tangi jipya la maji, daktari ndiye aliyenyoosha mkono na kusema mbele ya watu wote, "Chifu, tangi hilo liko karibu na ng'ombe wako kuliko wagonjwa wangu." Watu walicheka huku wakiangalia chini. Chifu alimchukia kwa miaka, naye hakujali hata kidogo.

Woga wake ulikuwa na mahali pamoja tu, nao ulikuwa mwili wa mtu mwingine. Aliniambia chanzo chake siku moja ya mvua, tukiwa tumekwama barazani pa shule. Alipokuwa bado anajifunza kazi alimdunga mtoto penisilini, na mtoto akafa pale pale mezani, mama yake hajamaliza hata kujifunga leso vizuri. Mkubwa wake alimwita pembeni akamweleza kwamba si kosa lake, kuna miili inayoikataa dawa hiyo, na hakuna aliyeweza kujua.

"Nilimwamini," aliniambia. "Lakini mikono yangu haikumwamini."

Aliyeijua dawa ya mikono hiyo alikuwa mke wake. Sikumjua mwanamke mwenye sauti kubwa kama ile. Akicheka dispensari, sisi darasani tulipoteza hesabu. Maji yalikuwa shida kubwa Sagalla, na mume wake alikuwa mtu wa kunawa kabla na baada ya kila mgonjwa, jambo lililowafanya majirani wanung'unike kwamba anaoga maji ya kijiji. Mama huyo alikuwa akiteremka chemchemini kabla jua halijawa kali, akapanda na mtungi kichwani kwa ajili ya kunawa kwake. Na mara nyingine, akimwona mumewe ameshika kijembe cha kupasulia jipu na hajui akifanyie nini, aliutua mtungi mlangoni, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Baba, jipu ni jipu. Pasua. Mimi nipo hapa." Naye alipasua. Majipu yote yaliyopasuliwa Sagalla miaka ile yalipasuliwa mama yule akiwa mlangoni.

Alikufa wakati wa kiangazi, kwenye uzazi wake wa mwisho. Mtoto alitoka vizuri, msichana mwenye mapafu kama ya mama yake. Kondo la nyuma ndilo lililokataa kutoka. Nilikuwepo, mimi na Mama Mkwe wangu na wanawake wengine wawili. Damu ilikuwa inatoka pole pole, kisha si pole pole tena. Mama Mkwe akamwita daktari. Alikuja akasimama mlangoni pa chumba chake mwenyewe, mkono mmoja kwenye mwimo, akatazama.

Mke wake akageuza uso juu ya mto. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini tulimsikia.

"Baba. Mimi nipo hapa."

Sijui alisimama pale kwa muda gani. Ulikuwa muda wa kutosha leso tuliyoweka kulowa na kubadilishwa. Kisha akasema, "Mpelekeni Voi."

Walimteremsha jua likiwa utosini, mume akifuata nyuma na mwavuli akijaribu kumkinga. Waliobeba walisimulia baadaye kwamba karibu na chini, walipoitua machela ili kubadilishana, mmoja wao aligusa mguu wa mama akavua kofia. Daktari aliendelea kushika mwavuli juu yake. Walipopanda naye mlima, alikuwa bado ameushika.

Baada ya mazishi kichanga na wakubwa zake walichukuliwa na nyanya yao, na sisi tulitarajia daktari ataomba uhamisho. Hakuomba. Alifungua dispensari, akafunga, akapika mwenyewe, akala akiwa amesimama. Koti jeupe likawa la kijivu. Wiki kadhaa zilipita kabla hajaja kwangu saa ya chai, akaketi kwenye dawati la nje, akaanza kusema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana.

"Mwalimu, nilijua la kufanya. Nilishaliona likifanywa, na mara moja nikalifanya mimi mwenyewe, mwalimu wangu amesimama kando. Unanawa mpaka kiwiko. Unaingiza mkono, unalishika, unalitoa. Basi. Nilisimama pale mlangoni nikajiuliza, na nikikosea? Nikajiuliza tena. Niliendelea kujiuliza mpaka wakambeba."

Kengele ililia, nikaingia darasani, na nilipotazama dirishani alikuwa bado ameketi pale.

Mwaka uliofuata masika yalikuja kwa nguvu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Alijifungua alasiri, mtoto wa kiume, na baada ya hapo tukangoja kondo, tukangoja, halikuja. Damu ilipoanza, Mama Mkwe alinitazama na mimi nikamtazama. Tulikuwa tumeshaiona damu hiyo.

Daktari alifika amelowa. Nje wanaume walikuwa tayari wamesimama na machela, maji yakiwachuruzika usoni, na kila mtu alijua njia imekuwa matope na kijito cha chini kimejaa. Alisimama mlangoni. Akatazama. Akaanza kusema, "Mpe—"

Mama Mkwe ndiye aliyemwosha mke wa daktari alipokufa. Hakupandisha sauti.

"Nani wa kumpeleka, daktari? Na wewe uko hapa."

"Mama, nikikosea atafia mikononi mwangu."

"Na akifia njiani, atakuwa amefia mikononi mwa nani?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba nilimwona midomo ikitikisika nisisikie. Kisha nikasikia. "Maji yaliyochemka. Na sabuni."

Alivua koti. Alinawa, na mikono ilitetemeka hata sabuni ikamponyoka ikaanguka ndani ya beseni, akaitafuta, ikamponyoka tena. Nilijiambia itatulia akianza kazi. Haikutulia. Nilikuwa nimemshika wifi mabega, kwa hiyo uso wa daktari ulikuwa karibu na wangu, na niliona alikuwa analia, kamasi zinamtoka kama mtoto, huku akijisemea kwa sauti ileile ya kusomea chupa: "Sasa mkono. Sasa ndani. Pole pole. Sasa ukingo wake."

Wifi alipiga kelele, "Niacheni nife!"

"Hapana, mama," akamwambia. "Vumilia. Siendi popote."

Kondo lilitoka. Alilitandaza kwenye sinia akalikagua pande zote kuona kama lipo lote, akadunga sindano ya kukaza kizazi, akaushika mkono wa wifi mpaka damu ikapungua. Kisha akatoka nje mvuani, akashika nguzo ya nyumba, akatapika. Mmoja wa wale wanaume wa machela alimpa kofia yake ajifunike.

Wifi aliugua homa kali, tukadhani tutampoteza hata hivyo. Daktari alikuja kila siku na penisilini, na kila siku kabla ya kudunga alifumba macho kidogo. Wifi alipona. Ana wajukuu sasa.

Ningependa kusema alibadilika tangu siku hiyo, lakini sivyo ilivyokuwa. Aliendelea kuisoma chupa na kuirudia. Aliendelea kutoka nje na kipimajoto. Kilichobadilika ni kwamba alianza. Alikuwa akimwambia mgonjwa waziwazi, "Naogopa, lakini nitaanza." Alidhani ni heshima kumwambia mtu ukweli. Mwalimu mkuu wetu, mtu wa kelele nyingi, alikwenda kwake na jipu la shavuni. Aliposikia maneno hayo akateremka kitini, akachukua kofia yake, akateremka mlima mzima kwa miguu yake mwenyewe mpaka Voi. Tulicheka wiki nzima. Daktari naye alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu amzike mke wake.

Pia hakupenda kufanya kazi peke yake. Alikuwa akimwita yeyote aliyekuwa karibu, mzazi, mpita njia, mimi nikiwa na chaki mkononi. "Simama hapa," alisema. "Huna haja ya kufanya chochote. Simama tu."

Basi ikaja siku ya yule msichana wa darasa la tano. Aliumwa na nyoka akivuna kunde na mama yake, wakamleta mguu umeshavimba mpaka pajani. Daktari aliona kwamba hawezi kufika Voi. Alimlaza, akampa dawa aliyokuwa nayo, akaketi naye asubuhi ile yote akimpangusa uso na kumhesabia pumzi. Nilisimama pale nilipoambiwa nisimame. Adhuhuri msichana akafa.

Baba yake alifika kutoka shamba la katani chini, alikokuwa anafanya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo naamini lilimwumiza daktari kuliko ngumi iliyofuata.

"Wote uliwapeleka Voi. Wote! Wangu ndiye uliyemweka hapa!"

Akampiga. Daktari alianguka juu ya meza ya dawa, akapoteza jino, na watu walipomshika yule baba, daktari aliwaambia wamwachie. Wakubwa wake wakaja kutoka mjini wakiwa na gari. Walimwambia asivuke mipaka ya kazi yake, kwamba kazi yake ni vidonda na vidonge. Aliitikia, "Ndiyo, bwana," kila mara. Nilikuwa nikisikiliza ng'ambo ya ua, na nilijua tumempoteza. Nilijua kesho mwenye mafua atatumwa Voi.

Asubuhi yake dispensari ilifunguliwa saa ileile. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto aliyekuwa na jipu nyuma ya sikio. Uso wa daktari ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga. Alisoma chupa, akairudisha, akaisoma tena. Kisha nikasikia kupitia midomo iliyopasuka, "Mama, naogopa. Lakini nitaanza." Yule mama alimtazama kwa muda mrefu. Akamkalisha mtoto mezani.

Baba wa msichana hakumsalimu tena. Wakikutana njiani, daktari ndiye aliyepisha, akasimama kwenye majani mpaka mwenzake apite. Wengine waliokufa mikononi mwake baada ya hapo hawakuwa wachache, na wote alikwenda kuwazika, akisimama nyuma kabisa. Niliwahi kumwuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kurudia njia ya zamani. Alifikiri sana, kama kawaida yake.

"Ingekuwa rahisi," akasema. "Usiku nililala vizuri, siku zile."

Nilimwona mara ya mwisho Marungu, kijijini kwao, alikorudi baada ya kustaafu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mvua zimekosekana, na kutoka barabarani mpaka kwake nilipita mizoga ya ng'ombe ambayo hata fisi walikuwa wameichoka. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha nyumba, kijana wake mkubwa akimnyoa ndevu. Tulizungumza kidogo: nani amekufa, nani ameolewa, shule imepata madarasa mangapi mapya.

Hatujamaliza habari, msichana mwenye sare ya uuguzi akaja mbio kutoka upande wa dispensari ya pale. Alikuwa mgeni kazini, na mkubwa wake alikuwa amekwenda Voi kuchukua dawa. Alisimama mbele ya daktari, akakunja mikono chini ya kwapa ili tusiione.

"Mzee, mmoja amekufa."

Tulimngoja apate pumzi. Mama mmoja alikuwa amekuja kwa miguu na watoto wawili wanaohara. Walikuwa wanakunywa maji ya bwawa pamoja na mifugo. Mkubwa wao alikufa wakati muuguzi anatafuta mshipa wa kumwekea maji.

"Nimebaki na mdogo. Nimejaribu mkono, nimejaribu mguu, mishipa yote imelala. Nimemwacha na mama yake nikakimbia. Si afadhali nimngoje mkubwa wangu?"

"Atarudi lini?"

"Jioni."

"Mlifundishwa mshipa wa kichwani?"

"Tulifundishwa. Sijawahi kufanya."

Daktari alimtazama. Nilidhani atamweleza namna ya kufanya. Badala yake akamgeukia kijana wake, povu bado liko kwenye shavu moja. "Leta wilbaro."

"Baba, jua lote hili—"

"Leta wilbaro." Kisha akamwambia msichana, "Tangulia. Wembe, maji, sabuni. Anza kumnyoa, usitungoje."

Tuliweka gunia ndani ya wilbaro, tukampandisha, miguu ikining'inia mbele. Kijana alisukuma, mimi nikashika upande pale penye mawe. Kila gurudumu liliporuka, daktari alifumba macho bila kusema kitu. Dispensari ilikuwa na ngazi, wilbaro haikuweza kupanda, kwa hiyo tukaiweka chini ya dirisha. Kutoka pale alipokaa hakuweza kuona ndani. Aliona ukuta tu.

Barazani aliketi yule mama, amepakata kitu kilichofunikwa kwa leso. Hakututazama.

"Tumefika," daktari alisema kuelekea dirishani.

"Mzee, mkono unatetemeka."

"Na wangu. Muulize mwalimu. Anza."

Tulisikia wembe ukikwaruza. Hatukusikia mtoto, na hilo ndilo lililotutisha. Kisha kimya, kisha pumzi ya msichana ikakatika.

"Mshipa umepasuka!"

"Bonyeza pamba. Nenda upande wa pili."

"Siwezi, mzee."

Daktari alikuwa ameshika kingo za wilbaro kwa mikono yote miwili, povu la sabuni limekauka shavuni, jasho likipita juu yake. Kijana wake alifungua mdomo aseme neno, mimi nikamgusa mkono anyamaze. Wembe ukaanza tena.

Kisha tukasikia ukiwekwa mezani.

"Imeingia," msichana akasema, kwa sauti ya mtu asiyejiamini. Halafu, "Maji yanashuka. Mzee, yanashuka!"

Hatukuondoka. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshatufikia wote tuliposikia mtoto akilia, kilio chembamba, cha hasira. Msichana akatoka barazani, vinywele vya mtoto vimemganda kwenye aproni. Aliketi sakafuni kando ya yule mama.

Mama akauliza bila kugeuka, "Huyo anayelia ni wangu?"

"Ni wako, mama."

Ndipo yule mama alipoinamia kile alichopakata, akaanza kulia kwa sauti, na msichana akamshika, wakalia wote wawili.

Daktari alimwashiria kijana wake kwa kichwa, kwamba twende. Kabla hatujafika nusu ya njia alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kikigonga chuma cha wilbaro kila tulipokanyaga jiwe. Nilivua kitambaa changu nikamwekea chini ya kichwa, tukaenda pole pole.